Nijiuzulu sasa, au nisubiri wanipunguze nipate kiinua mgongo?

SWALI: Mimi ni mhasibu, nina miaka 38, na nimefanya kazi kampuni moja kwa miaka 11. Mwaka huu kampuni yetu imenunuliwa na nyingine kubwa, na tangu hapo tunaishi kwa fununu: idara zitaunganishwa, watu watapunguzwa, orodha iko tayari, mara hakuna orodha. Nimechoka, hata usingizi sipati vizuri. Kuna kampuni ndogo imeniambia kwa mdomo kwamba ina nafasi yangu, ila mshahara ni pungufu kwa kama asilimia 10. Wenzangu wananiambia nikiandika barua sasa nitakuwa nimewaachia miaka yangu 11 bure. Niandike au nisubiri? – Aliyechoka Kusubiri

JIBU: Dada yangu, wenzako wana hoja, ila hesabu wameanzia mwishoni. Wanachokiona ni ukubwa wa kiinua mgongo. Mimi nimekaa muda mrefu upande wa pili wa meza, idara ya utumishi, nikiandaa barua hizo hizo mnazozisubiri, na siku hizi kila anayenijia na swali lako namuuliza jambo moja kwanza: ukipunguzwa leo, itakuchukua miezi mingapi kupata mshahara mwingine? Malipo ya miezi mitano ni mengi kwa mtu anayepata kazi ndani ya miezi miwili. Kwa atakayekaa nyumbani mwaka mzima, yatakuwa yameisha kabla hajaitwa kwenye usaili wa maana.

Ila kabla ya hesabu, sheria kidogo. Hukuniambia uko nchi gani, na hilo lina uzito kuliko mengi uliyoniandikia.

Kanuni ya jumla inafanana karibu kila mahali: malipo ya kupunguzwa yanadaiwa pale mwajiri anapouvunja mkataba yeye. Ukiuvunja wewe, unaondoka na kile ulichokwisha kukifanyia kazi, yaani mshahara wa siku ulizofanya na likizo ambayo hukuichukua, na michango yako ya hifadhi ya jamii inabaki kuwa yako. Hivyo usiviweke kwenye mizani hata kidogo, kwa sababu utavipata vyovyote utakavyoondoka. Nimeona watu wakijumlisha likizo na michango ya uzeeni kwenye "malipo ya kupunguzwa", jumla ikawatisha, wakaganda walipo wakidhani wakijiuzulu watapoteza vyote. Kinachopotea ni kiinua mgongo chenyewe, malipo ya notisi, na katika baadhi ya nchi fao la kukosa ajira. Tanzania, kwa mfano, fao hilo la mfuko wa hifadhi halimhusu aliyeacha kazi kwa hiari yake. Afrika Kusini ni vivyo hivyo, na Marekani kwa kawaida aliyeacha kazi bila sababu nzito hulikosa.

Sasa tazama miaka yako 11 inavyobadilika thamani ukivuka mpaka. Kenya, Sheria ya Ajira ya 2007, kifungu cha 40, inataka anayepunguzwa alipwe si chini ya siku 15 kwa kila mwaka uliokamilika. Kwako ni siku 165, yaani mishahara mitano na nusu, na juu yake notisi ya mwezi mmoja au mshahara wa mwezi huo. Tanzania, Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004 inaweka siku 7 za mshahara wa msingi kwa kila mwaka, na inaishia miaka 10. Mwaka wako wa 11 hauna chake: unapata siku 70, pamoja na notisi ya siku 28. Uingereza, kwa umri wako, ni wiki moja kwa kila mwaka, yaani wiki 11, lakini mshahara wa wiki unaohesabiwa una kikomo kilichowekwa na serikali. Notisi nayo inafika wiki 11. Marekani, sheria ya shirikisho haimlazimishi mwajiri kutoa hata senti moja ya kiinua mgongo. Ile sheria ya 1988 wanayoiita WARN inamtaka mwajiri mwenye wafanyakazi 100 au zaidi atoe taarifa ya siku 60 kabla ya kufunga au kupunguza watu wengi kwa mpigo, basi. Ni jimbo moja moja, kama New Jersey, lililoongeza malipo ya lazima. Kwingine kinachotolewa kinatokana na mkataba au na hisani ya kampuni.

Na hivyo ni viwango vya chini. Kampuni yako inaweza kuwa na sera nzuri zaidi, na kama mna chama cha wafanyakazi, huenda mkataba wa hali bora, yaani makubaliano ya chama na mwajiri, umetaja siku nyingi kuliko sheria. Tafuta nyaraka hizo wiki hii, kimyakimya: mkataba wako wa ajira, kitabu cha sera za wafanyakazi, mkataba wa hali bora. Usiende kumuuliza afisa utumishi utapata kiasi gani ukipunguzwa. Swali hilo husafiri. Ukiweza, mtafute mtu aliyepunguzwa na hiyo kampuni iliyowanunua, kwa sababu wanunuzi huwa na desturi zao, na alicholipwa yeye kinakaribia zaidi utakacholipwa wewe kuliko kilichoandikwa kwenye sera za kampuni yenu ya zamani.

Wewe ni mhasibu, kwa hiyo hutanichukia tukihesabu. Mshahara wako wa sasa wa mwezi tuuite 1. Kampuni ndogo inakupa 0.9. Ukihamia leo, baada ya miezi 12 umeshika 10.8.

Ukisubiri, tuseme barua inakufikia mwishoni mwa mwezi wa tatu na unaondoka siku hiyo hiyo ukiwa umelipwa notisi. Kwa kiwango cha Kenya una mishahara 3, notisi 1 na kiinua mgongo 5.5, jumla 9.5. Kufikia 10.8 limebaki pengo la 1.3, na una miezi tisa ya kuliziba. Ukipata kazi inayolipa kama ile ya kampuni ndogo, mwezi mmoja na nusu tu wa kufanya kazi unatosha. Maana yake unaweza kukaa bila kazi karibu miezi saba na nusu, na mwisho wa mwaka usiwe umepata hasara kwa kusubiri.

Kwa kiwango cha Tanzania, notisi na kiinua mgongo kwa pamoja ni siku 98, mshahara wa miezi mitatu na kidogo, kwa hiyo unafika 6.3. Pengo ni 4.5, sawa na miezi mitano ya kazi. Umebakiwa na uvumilivu wa miezi minne. Na hapo nimechukulia kwamba mshahara wako wote ni wa msingi. Kama nusu yake ni posho ya nyumba na usafiri, hesabu inashuka haraka. Uingereza uvumilivu ni kama miezi sita, pungufu iwapo mshahara wako unazidi kile kikomo. Marekani, kama mkataba wako hausemi lolote, una mishahara 3 tu mkononi, na ili ufike 10.8 unatakiwa uwe umeshaanza kazi nyingine ndani ya siku kama kumi.

Mtu yule yule, miaka ile ile 11, fununu zile zile. Katika nchi moja kusubiri ni busara, katika nyingine ni kamari. Ndiyo maana ushauri wa wenzako, hata wakiwa na nia njema, hauwezi kukutosha.

Mambo mawili hesabu hiyo haikuyataja. Kwanza kodi: malipo haya kwa kawaida hukatwa kodi ya mapato, ingawa Uingereza wameacha paundi 30,000 za kwanza bila kodi. Tumia tarakimu ya kinachobaki mkononi. Pili, ile asilimia 10. Kiinua mgongo hulipwa mara moja, mshahara pungufu utaupokea kila mwezi. Ukikubali 0.9, kila mwaka unapoteza zaidi kidogo ya mshahara wa mwezi mmoja, na siku ukihamia kwingine, wengi watakuuliza unalipwa kiasi gani sasa na kuanzia hapo. Kwa hiyo kabla ya yote jaribu kuipandisha ile ofa. Kampuni ndogo inayomtaka mhasibu mwenye miaka 11 kazini ina nafasi ya kusogea kuliko inavyoonyesha, na hata isipokubali leo, inaweza kukubali kwa maandishi kupitia upya mshahara baada ya miezi sita.

Sasa je, watakupunguza kweli? Kampuni mbili zikiungana, idara zinazoguswa mwanzo ni zile zinazofanya kazi moja mara mbili: uhasibu, mishahara, utumishi, teknolojia ya habari, ununuzi. Muuzaji mwenye wateja wake hubaki. Vitabu viwili vya hesabu havihitajiki. Kwa hiyo hofu yako ina msingi. Lakini kuna upande ambao watu wa nje hawauoni. Vitabu haviunganishwi kwa siku moja. Kuna salio za kuhamisha, kuna mfumo mmoja wa kuzimwa, kuna ukaguzi wa mwisho wa mwaka, na mtu anayejua kwa nini akaunti fulani ina salio la ajabu tangu miaka mitano iliyopita ni wewe. Wahasibu wa kampuni iliyonunuliwa mara nyingi huwa kati ya wa mwisho kuondoka. Mnaweza kupitisha karibu mwaka mzima mkisubiri barua ambayo wenzenu wa idara nyingine wameshaipata na kuisahau.

Kwenye pesa, kuchelewa huko hakukuumizi, kwa sababu mshahara unaendelea kuingia. Kinachoumia ni ile ofa, ambayo haitakungoja, na afya yako. Ila pia kunakupa nguvu ya kuzungumza. Mtu anayehitajika hadi ukaguzi uishe anaweza kuomba bonasi ya kubaki: malipo yaliyoandikwa, yenye tarehe, atakayopata akikaa hadi kazi ya kuunganisha vitabu iishe, na yasiyofuta kiinua mgongo. Waajiri wengi huwa na bajeti ya jambo hilo wakati wa kuunganisha kampuni. Hawaitangazi. Huombwa na bosi wa fedha kwa ajili ya watu wake, kwa hiyo mwenye kuzungumza naye ni wewe.

Urefu wa utumishi wako nao una pande mbili. Kenya, sheria inataja muda wa utumishi kati ya vigezo vya kuchagua nani aondoke, pamoja na ujuzi, uwezo na uaminifu, na kwa hilo miaka 11 inakukinga. Pia inakufanya ghali kumwondoa. Nimekaa kwenye vikao ambavyo jina lilihamishwa kutoka orodha hii kwenda ile kwa sababu tu ya gharama ya kumlipa mhusika. Mtu wa aina hiyo halipunguzwi jina lake. Anapewa kazi nyingine, mara nyingi katika mji mwingine au chini ya bosi mpya, halafu wanaona atafanyaje. Hapo uwe macho. Tanzania na Uingereza, ukiikataa kazi mbadala inayofaa bila sababu ya msingi, unaweza kukosa kiinua mgongo. Ukipewa ofa ya hivyo usijibu papo hapo. Omba maelezo ya maandishi: cheo, mshahara, mahali, saa, na nani utamripoti. Kazi inayokushusha cheo au kukuhamisha mbali na familia si rahisi kuitwa inayofaa, ila sababu zako nazo uziandike.

Tofauti kubwa zaidi kwako ni kati ya fununu na tangazo. Hadi leo huna tangazo. Hakuna anayekudai na hakuna unayemdai. Mambo hubadilika siku mwajiri anapofungua mchakato rasmi. Kenya anatakiwa kuarifu chama, au mfanyakazi mwenyewe asiye na chama, pamoja na afisa wa kazi, angalau mwezi mmoja kabla. Tanzania anatakiwa kutoa taarifa ya kusudio lake, kueleza sababu, na kushauriana na chama au wafanyakazi kabla ya kuamua. Uingereza akitaka kupunguza 20 au zaidi ndani ya siku 90, mashauriano lazima yaanze angalau siku 30 kabla ya wa kwanza kuondoka, na wakifika 100 zinakuwa 45. Tangazo likitoka, kujiuzulu katika wiki hizo ni kuiachia pesa ikiwa mlangoni. Hata ukiwa na kazi mpya, zungumza kwanza. Uingereza sheria inampa aliyekwisha kupokea notisi ya kupunguzwa njia ya kuomba kuondoka mapema bila kupoteza malipo yake, na kwingineko jambo hilo hupatikana kwa maelewano, kwa sababu mwajiri naye anaokoa mshahara.

Kuna dalili zinazotangulia tangazo ambazo mhasibu anaziona kabla ya wengine. Umeombwa orodha ya wafanyakazi yenye tarehe za kuajiriwa na siku za likizo zilizobaki? Kuna akaunti mpya ya pesa zilizotengwa kwa gharama za mabadiliko? Nafasi zilizo wazi zimefungwa ghafla bila maelezo? Mambo hayo yakiwa mezani kwako, fununu imeshaanza kuwa mpango. Usiyasambaze, maana hiyo nayo ni sababu ya kufukuzwa, na anayefukuzwa kwa utovu wa nidhamu hana kiinua mgongo.

Tuje kwenye ile kampuni ndogo. Wazee walisema usiache mbachao kwa msala upitao, na kwa sasa huo ni msala unaopita. Ahadi ya mdomo haina mshahara, haina tarehe, haina hata jina la atakayeitekeleza. Kabla hujafikiria barua yoyote ya kujiuzulu, pata barua ya ajira iliyotiwa saini, yenye mshahara, cheo, muda wa majaribio na siku ya kuanza. Wakizungusha kwa wiki kadhaa, umeshapata jibu lako bila kupoteza chochote. Na wao uwahoji: wamekuwa wakilipa mishahara kwa wakati? Nafasi ni mpya au kuna mtu aliondoka, na kwa nini? Ukiingia pale unaanza miaka upya kutoka sifuri, na mambo yakiwaharibikia, wewe ndiye mgeni.

Wakikupa barua, omba siku ya kuanza iwe baada ya miezi miwili, au mitatu ikiwezekana. Sababu unayo tena ya kweli: una muda wa notisi wa kutumikia na una vitabu vya kukabidhi. Muda huo ni wako wa kutazama. Tangazo likitoka ndani yake, unaomba kuingizwa kwenye orodha ya wanaopunguzwa, unapokea malipo yako, na kazi ya pili inakungoja. Lisipotoka, tarehe ya mwisho ya kutoa notisi ndiyo inakulazimisha kuamua, na utaamua ukiwa na barua mkononi.

Je, uende mwenyewe kuomba upunguzwe? Kabla ya tangazo, mimi sipendekezi, isipokuwa una barua ya kazi nyingine mfukoni. Ukishasema unataka kutoka, bosi mjanja atakaa kimya akisubiri uondoke bure. Baada ya tangazo ni jambo la kawaida kabisa, na waajiri wengi huanza kwa kutafuta wanaojitolea, kwa kuwa ni rahisi kuliko kuchagua. Ila maneno yachague vizuri. Usiandike "naomba kuacha kazi". Andika: "Kwa kuzingatia taarifa ya kampuni kuhusu kupunguza wafanyakazi, niko tayari kuzingatiwa miongoni mwa watakaopunguzwa, kwa masharti ya malipo yaliyotajwa kwenye taarifa hiyo." Sentensi ya kwanza ni yako ya kuvunja mkataba. Ya pili inauacha mkataba mikononi mwa mwajiri, na yeye ndiye atakayeuvunja na kulipa.

Hapo hapo kuna mtego ninaouona kila mara. Unaitwa ofisini, unaambiwa kwa sauti ya upole: andika barua ya kujiuzulu ili kumbukumbu zako zibaki safi, sisi tutakutazama kwenye malipo. Dada, usiandike. Kupunguzwa hakuchafui kumbukumbu za mtu yeyote. Kila mwajiri anajua kampuni zikinunuliwa watu huondoka. Barua ile ikishaingia kwenye faili, utakachodai baadaye ni ahadi ya mdomo dhidi ya saini yako mwenyewe. Kama wanataka mwachane kwa ridhaa, kuna hati yake, makubaliano ya kuvunja mkataba kwa ridhaa ya pande mbili, na ndani yake kiasi kimetajwa, tarehe ya kulipa imetajwa, na sababu ya kuachana imeandikwa kuwa ni mabadiliko ya uendeshaji. Ichukue hati nyumbani, mwonyeshe wakili au afisa wa chama. Marekani sheria ya 1990 inampa mfanyakazi mwenye miaka 40 na zaidi siku 21 za kufikiri kabla ya kusaini hati ya kuacha madai ya ubaguzi wa umri, 45 wakipunguzwa wengi pamoja, na siku 7 za kubadili mawazo baada ya kusaini. Wewe hujafika umri huo, lakini hata pale ambapo sheria iko kimya, mwajiri anayekataa kukupa siku chache za kusoma hati anakuficha kitu.

Na wapo wasiosema lolote. Wanakubana tu hadi uondoke. Wanakunyang'anya majukumu, wanakuhamishia dawati la kona, wanakuandikia onyo kwa makosa ambayo jana hayakuwa makosa. Sheria inaijua mbinu hiyo. Tanzania, kuacha kazi kwa sababu mwajiri ameifanya isivumilike huhesabiwa kuwa ni mwajiri aliyekuachisha, na Mahakama ya Rufani ya Kenya iliukubali msimamo kama huo mwaka 2015. Lakini mzigo wa kuthibitisha ni wako, na ni mzito. Weka kumbukumbu zenye tarehe, lalamika kwa maandishi kupitia utaratibu wa ndani, na umwone wakili kabla ya kuandika barua, maana barua isemayo "naondoka kwa sababu binafsi, nawashukuru kwa yote" inaua dai hilo palepale. Muda nao haukungoji: Tanzania mgogoro wa kuachishwa isivyo halali unapelekwa Tume ya Usuluhishi na Uamuzi ndani ya siku 30, wakati Kenya una miaka mitatu kwenda mahakamani.

Mengine nitayataja upesi. Una mkopo wa kazini au mkopo wa benki wenye riba ya wafanyakazi? Soma unasema nini ukiondoka; mara nyingi salio lote hukatwa kwenye malipo ya mwisho. Michango ya mwajiri kwenye mfuko wa ziada wa pensheni huwa na tarehe ya kuwa yako kamili, na kuikosa kwa wiki mbili ni uchungu. Vivyo hivyo bonasi ya mwaka. Bima ya afya ya familia inaishia lini? Kama kampuni ilikulipia masomo, kuna mkataba wa kutumikia?

Na jambo moja linafuta hesabu yote: uwezo wa kampuni kulipa. Kwako naona mnunuzi ana nguvu, kwa hiyo pengine si tatizo. Ila kama msomaji mwingine anasoma hapa na mshahara wake umeanza kuchelewa, au makato ya hifadhi ya jamii yanakatwa na hayafiki kwenye mfuko, aondoke mapema akipata pa kwenda. Kampuni inayochelewesha mshahara haitawahisha kiinua mgongo, na ikifilisika, hata kama wafanyakazi wanapewa kipaumbele, bado wanakaa kwenye foleni.

Usingizi wako sijausahau. Uchovu huo ni gharama halisi, na sitakwambia uuvumilie kwa ajili ya mishahara mitatu. Lakini kabla ya kuutibu kwa barua ya kujiuzulu, tumia kilicho chako: chukua likizo yako ya mwaka, wiki mbili mfululizo bila kufungua barua pepe, na kama daktari anaona unahitaji mapumziko, likizo ya ugonjwa ipo kwenye sheria za nchi nyingi. Watu wengi huandika barua wakiwa wamechoka mno, wiki mbili baadaye wakaona walichohitaji ni kulala. Ukirudi kutoka likizo na tumbo bado linakukaza kila Jumapili jioni, hapo sina cha kukubishia, ondoka hata hesabu ikisema ubaki.

Kwa hiyo kwako wewe: usiandike barua wiki hii. Pata ile ofa kwa maandishi, sukuma mshahara, omba miezi miwili hadi mitatu. Wakati huo ujipatie ile namba ya miezi ya kupata mshahara mwingine kwa kuwauliza wahasibu wa ngazi yako walioondoka kazini mwaka uliopita ilichukua muda gani, na kwa kutuma maombi kadhaa uone unaitwa mara ngapi. Uko Kenya, una akiba ya miezi mitatu, na wenzako wanapata kazi ndani ya nusu mwaka? Ningesubiri, hata ofa ikipita. Uko Tanzania na soko ni gumu? Ningeichukua ile kazi bila kuangalia nyuma, isipokuwa mkataba wa hali bora unakupa zaidi ya zile siku 70. Uko Marekani na mkataba wako hautaji kitu? Siku saini ya mwajiri mpya itakapokauka, toa notisi.

Ukifika kutoa notisi, barua iwe ya mistari michache: cheo chako, kwamba unajiuzulu, siku yako ya mwisho kwa mujibu wa notisi iliyo kwenye mkataba, na kwamba utakabidhi kazi. Sababu si lazima uitaje. Baki na nakala iliyogongwa muhuri wa kupokelewa, hakikisha idadi ya siku zako za likizo imekubaliwa kwa maandishi kabla hujarudisha kompyuta, na udai cheti chako cha utumishi siku hiyo hiyo. Kenya na Tanzania mwajiri anatakiwa kukupa hata kama uliondoka mwenyewe, na ukiacha kukifuatilia, miaka mitatu baadaye utakuta aliyekuwa na faili lako ameshapunguzwa.